Staji kwenye ferme ya ng'ombe wa maziwa Lubumbashi: kutoka barua mpaka ripoti

Mwanafunzi anayetafuta staji, yaani mafunzo ya kazi, akipewa kuchagua kati ya ferme (shamba la mifugo) ya ng'ombe themanini yenye mashine za kukamulia na ferme ya ng'ombe wanane wanaokamuliwa kwa mikono, anakimbilia ile kubwa, kwa sababu jina lake litapendeza kwenye ripoti. Mimi ningemtuma kwa wale wanane. Kwenye ferme kubwa mgeni hapewi mashine: anapewa ufagio, halafu anapewa kiti karibu na ofisi. Kwenye ndogo, mkamuaji mmoja akishikwa na homa, ndoo inakuja mkononi mwako asubuhi ileile. Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa agronomia, wa udaktari wa mifugo na wa shule za ufundi za kilimo walioko Lubumbashi, na unafikiria zaidi zile ferme ndogo na za kati, ambazo zinafungua mlango bila maneno mengi.

Ujue pia unaingia wapi. Katanga ina historia ndefu ya ng'ombe wa nyama kuliko wa maziwa. Makampuni ya zamani yalifuga makundi makubwa kwenye nyanda za Biano na kule Haut-Lomami ili wafanyakazi wa migodi wapate nyama. Maziwa ya dukani mjini mpaka leo mengi ni ya unga, au yamepita Kasumbalesa yakitoka Zambia. Ndiyo maana usitegemee ubao barabarani unaosema "hapa tunakamua". Ferme za maziwa zinatafutwa kwa kuuliza.

Hatua ya 1: Pitia sekretariati ya fakilte (kitivo) kwanza

Chukua barua ya rekomandasio yenye muhuri, karatasi ya pointi ambayo msimamizi wa ferme ataijaza, na mkataba wa staji kama fakilte yako inao. Uliza staji inachukua wiki ngapi, ripoti iwe na kurasa ngapi, na nani atakuja kukutembelea, kama kuna atakayekuja. Piga kopi ya kila kitu. Ni hayo tu. Lakini anayeondoka bila karatasi ya pointi atarudi mjini kuifuata katikati ya staji, na nauli inatoka mfukoni mwake.

Hatua ya 2: Angalia kalenda ya majani, si ya masomo peke yake

Mvua za huku zinaanza kuelekea Novemba na zinaisha Aprili. Kati ya Januari na Machi majani ni mengi, maziwa ni mengi, matope ni mengi, na kupe ndio usiseme. Juni na Julai usiku ni baridi kweli, na mkono unaogusa maji saa kumi na moja alfajiri utakuambia. Agosti mpaka Oktoba pori limekauka, sehemu nyingine limechomwa, na ng'ombe anaishi kwa kile ambacho mwenye ferme alikiweka akiba.

Kama fakilte inakuachia uhuru, chagua Agosti na Septemba. Majani yakiwa mengi kila mfugaji anaonekana hodari. Kiangazi ndicho kinaonyesha nani alikata majani makavu mapema, nani ana silaji ya mahindi (mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na kufungiwa bila hewa), na nani anangoja mvua huku ng'ombe wake wanahesabika mbavu. Utaona maziwa machache zaidi, lakini utakuwa na la kuandika.

Hatua ya 3: Tafuta ferme kwa kufuata wanaoijua

Barabara ya Kipushi, ya Kasenga, ya Likasi na ile ya Kasumbalesa zote zina ferme, ila kutembea na barua mkononi geti kwa geti ni kuchosha miguu. Anza na watu ambao kazi yao inawafikisha huko: daktari wa mifugo anayetibu nje ya mji, muuzaji wa dawa za mifugo, huduma ya mkoa ya kilimo, uvuvi na ufugaji. Kuna njia nyingine isiyotajwa sana. Nenda uone nani anapakia drashi, yaani masalia ya nafaka yanayotoka kiwanda cha bia. Gari dogo lililojaa drashi linaenda kwa nguruwe au kwa ng'ombe wa maziwa. Muulize dereva kwa heshima. Na mama anayeuza maziwa mabichi au yogati ya nyumbani sokoni anajua vizuri bidoni (dumu) yake ilitoka wapi.

Ukipata ferme mbili au tatu, zitembelee kabla ya kupeleka barua, na uende saa ya kukamua. Usiulize "muna ng'ombe ngapi?" Mwenye ferme atakuhesabia mpaka ndama na dume. Uliza leo asubuhi wamekamua ng'ombe wangapi, na nani aliwakamua. Angalia maji yanatoka wapi. Ng'ombe mwenye maziwa anaweza kunywa lita 60 mpaka 100 kwa siku, kadiri ya joto na ya maziwa anayotoa. Kama maji yote ya ferme yanaletwa na bidoni za lita 20 juu ya baiskeli, basi hao ng'ombe wana kiu, na wewe utakuwa mbeba maji. Angalia pia kama kuna kaye (daftari) yoyote inayoandikwa. Ikiwa haipo, usiikatae ferme hiyo: utakuwa wa kwanza kuianzisha, na ripoti nusu yake imeshapatikana.

Hatua ya 4: Ongea na watu wawili, patroni na kapita

Patroni, mwenye ferme, mara nyingi anaishi mjini na anakuja ferme siku ya mwisho wa juma. Kapita, msimamizi wa wafanyakazi, ndiye analala kule, ndiye anajua ng'ombe gani anapiga teke. Barua rasmi inaandikwa kwa Kifaransa na inaenda kwa patroni. Kwa kapita unaenda wewe mwenyewe, kwa mdomo, na unaanza na kitu kidogo:

"Jambo papa. Miye ni mwanafunzi wa agronomia ku UNILU. Naomba kuja asubuhi moja niangalie vile munakamua, mbele ya kuleta barua. Sitasumbua kazi."

Atakayekubali hilo atakubali na mengine. Patroni akisema ndiyo na kapita akinuna, staji yako itakuwa ya kufagia, amini usiamini.

Siku ya makubaliano, sema wazi mambo ambayo watu wanaona haya kuyasema. Utalala wapi? Ukijibiwa "utakuwa unatoka mjini kila siku", kataa kwa upole, kwa sababu kukamua kunaanza kabla taksi-busi za kwanza hazijafika huko. Chakula ni cha nani: unaleta unga wako, au unakula bukari (ugali) na wafanyakazi na kuchangia pesa? Unaruhusiwa kupiga picha? Ferme nyingi hazipendi ng'ombe wao waonekane kwenye simu za watu, na wana haki. Mshahara usiutarajie. Lakini ukiombwa wewe ndio ulipe ili "upokelewe", aga na uende kwingine.

Kwa mabinti naongeza haya. Omba kuona chumba chenyewe kabla ya siku ya kuhamia: mlango unafungwa kwa ndani? Choo na mahali pa kuogea viko wapi usiku? Kuna mama mwingine anayelala pale ferme? Nendeni wawili ikiwezekana. Mpe mtu wa nyumbani namba ya patroni na ya kapita, na ukiona mwenendo usioelewa, rudi mjini siku hiyohiyo na uieleze fakilte. Ferme nyingine itapatikana. Hakuna pointi za staji zinazonunuliwa kwa bei hiyo.

Hatua ya 5: Funga mzigo

Buti za mpira, salopeti mbili ili moja ikauke, koti kama ni Juni au Julai, chandarua, tochi ya kichwani ili mikono ibaki huru. Sabuni yako mwenyewe. Taulo ndogo nyingi za pamba, hata za kukata kutoka shuka kuukuu. Utaona kazi yake hapa chini. Utepe wa fundi cherehani, kipimajoto, kaye ya jalada gumu, na penseli badala ya biki, kwa kuwa biki haiandiki kwenye karatasi yenye unyevu. Kata kucha. Kama chanjo yako ya tetanasi ni ya zamani, ipate upya kabla ya kwenda.

Hatua ya 6: Jifunze kukamua vizuri, hata ikichukua wiki nzima

Hapa ndipo staji yenyewe ilipo, kwa hiyo sitaharakisha.

Siku za mwanzo simama tu karibu na mkamuaji, upande uleule anaokaa yeye kila siku, ili ng'ombe akuzoee. Usivae kitu kinachopeperuka. Muite ng'ombe kwa jina analoitwa na wenyeji wake.

Zamu yako ikifika, osha mikono mpaka kwenye kiwiko. Kabla ya kitu kingine, kamua matone ya kwanza ya kila chuchu, mara mbili au tatu, ndani ya kikombe chenye ndani nyeusi. Usiyamwage chini: sakafu inayokanyagwa na miguu ya ng'ombe wote inasambaza ugonjwa. Angalia vizuri kwenye mwanga wa tochi. Maziwa mazuri yanateleza kama kawaida. Ukiona chembechembe, nyuzi, majimaji au damu, chuchu hiyo ina kasoro, na yule ng'ombe anahamia mwisho wa mstari. Anayeumwa kiwele anakamuliwa wa mwisho daima, na maziwa yake hayaingii kwenye bidoni ya wengine.

Halafu futa chuchu kwa taulo yenye maji ya uvuguvugu, na ukaushe. Ng'ombe mmoja, taulo yake. Kitambaa kimoja kinachopita kwa ng'ombe wote, kinachochovywa kwenye ndoo ileile mpaka maji yanakuwa ya kijivu, ndicho nimekiona kwenye ferme nyingi, nacho kinaosha wa kwanza na kuchafua waliobaki.

Ule mguso wa kufuta una kazi ya pili. Unauamsha mwili wa ng'ombe utoe homoni ya oksitosini, ile inayoachilia maziwa yashuke. Inachukua kama dakika moja kufika kwenye kiwele, na nguvu yake inadumu dakika chache, tano mpaka nane hivi. Sasa fikiria mkamuaji aliyefuta chuchu halafu akaenda kupokea simu. Akirudi, muda umekwenda, na maziwa yaliyobaki ndani yatabaki ndani. Hali kadhalika ng'ombe aliyetishwa au kupigwa fimbo dakika ile: hofu inazuia maziwa kushuka. Kwa hiyo kelele kwenye zizi la kukamulia ni hasara ya pesa, na hilo unaweza kumwambia patroni bila kumkosea.

Kukamua kwenyewe: kidole gumba na cha shahada vifunge juu ya chuchu, halafu vidole vingine vifuate kimoja kimoja kushuka, ukikandamiza. Usivute. Wapo wanaovuta chuchu kwa vidole viwili vilivyopakwa mafuta, na ni haraka, lakini chuchu inaumia na kadiri siku zinavyopita inapokea vijidudu kirahisi. Mikono yako itauma siku za kwanza, hasa hapa chini ya kidole gumba. Itapona.

Ukimaliza, chovya kila chuchu kwenye dawa ya iodini kama ferme inayo. Mpe ng'ombe majani ale ili asilale chini mara moja, kwa sababu tundu la chuchu linabaki wazi kwa kitambo baada ya kukamuliwa. Chuja maziwa kwa kitambaa safi kilichochemshwa, funika, peleka mahali pa baridi. Umeme ukikatika, na utakatika, bidoni inakaa ndani ya beseni la maji baridi yanayobadilishwa, kivulini.

Na usinywe maziwa mabichi, hata ukipewa kilauri kama heshima ya mgeni. Ugonjwa wa kutupa mimba unaoitwa bruselosi unapita kwenye maziwa yasiyochemshwa, na kwa binadamu unaleta homa ya kwenda na kurudi inayochanganywa na malaria. Sema "asante mama, nitayachemsha", uyapeleke jikoni. Ng'ombe akitupa mimba, usiguse chochote bila glovu.

Hatua ya 7: Anza kaye siku ya kwanza

Ripoti nyingi za staji nilizosoma zinafanana: kurasa kumi juu ya asili ya ng'ombe duniani, kurasa mbili juu ya ferme. Dawa yake ni kaye yenye namba zako mwenyewe. Kila siku andika, kwa kila ng'ombe, lita za asubuhi na lita za jioni. Pima kwa ndoo yenye alama, au kwa mizani ya kuning'iniza. Usiandike kwa kukisia.

Angalia saa pia. Ukikamua saa kumi na moja alfajiri na tena saa kumi jioni, kati ya jioni na alfajiri kunapita saa 13, na kati ya alfajiri na jioni saa 11. Maziwa ya alfajiri yatakuwa mengi zaidi, na ya jioni kwa kawaida yana mafuta zaidi. Tofauti ikiwa kubwa mno, kwa mfano lita 6 asubuhi na 2 jioni, tafuta sababu: pengine mchana ng'ombe hawana maji, pengine ndama alifunguliwa akanyonya, pengine kuna bidoni iliyotoka bila kuandikwa. Hili la mwisho usilitangaze. Andika namba na unyamaze.

Maziwa ya kuuza yapimwe uzito wa kila lita kwa laktodensimeta, ile chupa inayoelea. Ngoja yapoe kidogo na povu liishe. Maziwa halisi ya ng'ombe yanasoma kati ya 1,028 na 1,034. Kama chombo chako kimewekwa kwa nyuzi 20 za joto na maziwa yana nyuzi 26, ongeza 0,0002 kwa kila nyuzi moja: kusoma 1,030 kunakuwa 1,0312. Yakisoma 1,024, kuna maji ndani.

Kwa kuwa mizani ya ng'ombe ni nadra, tumia utepe wa fundi. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, halafu urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa nyuma wa kiuno, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 10 840. Ng'ombe wa mzunguko 165 na urefu 140 ana kama kilo 350. Kipimo hiki kinamsaidia sana daktari anapokadiria dawa, na kapita atakupenda.

Tenga ukurasa wa uzazi. Ng'ombe anarudi kwenye joto, yaani hamu ya kupandwa, kila siku 21 hivi; dalili ya kuaminika ni yeye kusimama tuli akipandwa na wenzake. Akionekana asubuhi, anapandishwa au kupigwa mbegu jioni. Akionekana jioni, ni kesho asubuhi. Mimba ni miezi tisa na siku chache, na maziwa yanakaushwa, yaani anaachwa kukamuliwa, miezi miwili kabla ya kuzaa. Ndama akizaliwa ukiwepo, andika saa aliyonyonya maziwa ya kwanza. Ayapate ndani ya saa sita, na siku ya kwanza yafikie sehemu ya kumi ya uzito wake: ndama wa kilo 30, lita 3.

Hatua ya 8: Fuata chakula mpaka kinapotoka

Usiridhike kuandika "wanakula majani na pumba". Pima gunia moja la pumba ya mahindi, ujue limegharimu faranga ngapi na limeisha kwa siku ngapi. Drashi inafika ikiwa mbichi na nzito ya maji; ikikaa wazi siku chache inachacha na kuota ukungu, na yenye ukungu isipewe ng'ombe. Muulize kapita wanaihifadhi vipi. Wengine wanaikandamiza kwenye pipa na kufunika kwa plastiki hewa isiingie, na inadumu zaidi. Mwishoni gawanya gharama ya chakula cha siku kwa lita za siku. Kuna mapatroni ambao hawajawahi kuiona namba hiyo.

Hatua ya 9: Kaa mbali na sindano

Wewe ni mwanafunzi. Hata kama uko mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo, usichome dawa bila daktari wa ferme kuwepo au kuagiza. Kazi yako ni kuandika: ng'ombe gani, dawa gani, tarehe na saa. Soma kwenye karatasi ya dawa siku ambazo maziwa hayaruhusiwi kuuzwa, na ufunge kitambaa chekundu mguuni kwa ng'ombe yule ili wa zamu ya jioni asikosee. Ng'ombe mmoja aliyechomwa antibiotiki akikamuliwa ndani ya bidoni ya wote, anayenunua kutengeneza yogati atangoja usiku kucha na maziwa hayatashika, kwa kuwa dawa imezuia vijidudu vya yogati kukua. Mteja huyo harudi.

Kupe nao waandike: walikuwa wapi mwilini, na ng'ombe waliogeshwa au kupuliziwa dawa lini. Ukiona ng'ombe mwenye homa, kipimajoto kinasoma juu ya nyuzi 39,5 na hataki kula, mwite kapita hapohapo.

Hatua ya 10: Maliza ukiwa bado ferme

Chagua swali moja dogo la ripoti kabla ya nusu ya staji, swali ambalo kaye yako inaweza kulijibu. "Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa katika Haut-Katanga" si swali. "Ng'ombe watano wa ferme fulani walitoa kiasi gani kabla na baada ya kuongezewa drashi?" hilo ni swali. Andika rasimu ukiwa palepale, ili namba inayokosekana uipime kesho yake.

Wiki ya mwisho mpe msimamizi karatasi ya pointi mkononi, na uende kuifuata mjini kama patroni ndiye mwenye kusaini. Iwe na saini, tarehe na muhuri, ndani ya bahasha iliyofungwa. Ferme nyingine hazina muhuri. Hapo omba saini pamoja na barua fupi yenye jina na namba ya simu ya mwenye ferme, na uiarifu sekretariati mapema kabla haijakukatalia. Nakili kurasa za maziwa za kaye yako, umwachie kapita nakala pamoja na penseli, umwonyeshe safu ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya jioni, na mwandike pamoja siku moja kabla hujaondoka.